Penseli kwenye uzi: Orodha zinazoendesha shule za sebuleni

NA MWANDISHI WETU

SAA mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Katika nyumba moja pembezoni mwa mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, hakuna kengele inayolia wala gwaride. Kuna karatasi tu, imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, na kando yake inaning'inia penseli iliyofungwa kwa uzi wa nailoni ili asitokee mtu wa kusema imepotea.

Msichana wa miaka 12 anapiga mstari juu ya neno "kuku". Ameshawapa chakula. Mdogo wake wa miaka tisa, mswaki ungali mdomoni, anachungulia chini ya kwapa la dada yake aone kama hesabu za sehemu ni leo ama kesho. Kitinda mimba ana miaka sita na kusoma bado kunamsumbua, kwa hivyo orodha yake imechorwa: mswaki, kikombe, kitabu, mpira. Mpira uko mwisho kabisa. Yeye ameshautia alama.

"Wewe, mpira umeucheza saa ngapi?" mama yao anauliza kutoka jikoni.

"Jana, Mama."

Hivi ndivyo shule inavyofunguliwa hapa, siku tano kwa wiki. Sare hakuna, basi la manjano halipigi honi nje. Mwalimu ni mmoja tu, naye aliwahi kuwa mhasibu kabla ya kuacha kazi. Jina lake hatutalichapisha. Amezoea kuulizwa na majirani kwa nini watoto wake wako nyumbani mchana, na hataki swali hilo liulizwe na chifu.

Shule iliyoletwa na korona

Hakupanga kuwa mwalimu. Jumapili ya Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Wiki tatu, wazazi wengi walidhani. Masomo yakahamia kwenye redio ya KBC na runinga ya Edu Channel, ambako Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilikuwa ikirusha vipindi. Mwenye intaneti alitumia intaneti.

Julai 7, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatamka kuwa mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12. Wengine wakangoja hadi Januari 4, 2021.

Tanzania walikuwa wamefungua shule zote tangu Juni 29, 2020. Uganda walikaa nyumbani karibu miaka miwili, hadi Januari 10, 2022.

Milango ilipofunguliwa Kenya, wengi walikimbia kurudisha watoto na kushusha pumzi. Familia chache hazikurudi. Mama wa Kitengela alikuwa ameona binti yake, ambaye shuleni alikuwa akirudi na tumbo la wasiwasi kila Jumapili jioni, akisoma kitabu kizima bila kusukumwa. Akamwambia mumewe wajaribu muhula mmoja zaidi. Muhula huo haujaisha.

Vipengele 31 na kinanda kisichokuwepo

Daftari lake la kwanza analo bado, lile kubwa la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una orodha ya siku moja yenye vipengele 31: hesabu, Kiingereza, Kiswahili, sayansi, kipindi cha redio, kusoma Biblia, kufua soksi, kuchora ramani ya Kenya na kaunti zake 47, kujifunza kinanda. Kinanda chenyewe hakikuwepo. Alinuia kukinunua.

Vilivyokatwa siku hiyo ni vinne. Kesho yake, saba. Siku ya nne ukurasa ni mtupu isipokuwa duara la kahawia lililoachwa na kikombe cha chai.

"Nilikuwa nimeandika shule nzima na walimu wake wote," anasema, "nikasahau kuwa mwalimu ni mimi peke yangu na kuna sima ya kusonga."

Niseme hapa kwamba simcheki. Likizo iliyopita nilibandika orodha ya vipengele 14 kwenye ukuta wa sebule yangu, nikiamini kwamba watoto wa mwandishi lazima waheshimu kitu kilichoandikwa. Jumatatu ilikwenda vizuri. Jumatano nilikuta kipengele cha 15, kwa mwandiko wa kifungua mimba wangu: "Kupumzika." Kilikuwa kimekatwa. Vile vingine 14 vilikuwa vinangoja.

Nilichokosea mimi, na alichokosea yeye mwaka huo wa kwanza, ni kitu kimoja. Tuliandika orodha kana kwamba siku haina mwisho.

Matatu kabla ya saa nne

Orodha iliyo kwenye friji leo ni fupi kiasi cha kushangaza. Kila mtoto ana mambo matatu ya lazima: kusoma, kuandika, hesabu. Hayo humalizwa kabla ya chai ya saa nne. Yakikamilika, siku imehesabiwa kuwa siku ya shule hata kama mbingu itaanguka baadaye.

Hakuna somo la mtoto mdogo linalozidi dakika 20. Wazo hilo si geni. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyezaliwa 1842 na kufariki 1923, alishikilia kuwa masomo ya watoto wadogo yawe mafupi na kwamba mtoto akishasoma asimulie kwa maneno yake mwenyewe alichokisoma. Vitabu vyake vingali vinasomwa sana na wazazi wanaofundisha nyumbani, Kenya ikiwemo. Kwa watu waliolelewa kwa paukwa pakawa, kumwambia mtoto asimulie hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo, lakini tusimnyime bibi huyo haki yake.

Masomo mengine hayana siku. Jiografia, sayansi, historia, muziki na sanaa yameandikwa kwa kufuatana kwenye kipande cha katoni, na kibanio cha nguo kimebanwa kwenye somo linalofuata. Wakimaliza sayansi, kibanio kinashuka hadi historia. Kikifika chini, kinarudi juu.

Ni kifaa cha bei ya shilingi chache, na ndicho kilichonivutia kuliko vyote nyumbani humo. Fikiria ratiba ya kawaida: sayansi ni Jumanne. Jumanne stima imepotea, au shangazi amefika kutoka Kitui bila taarifa, au maji ya mgao yametoka na kila mwenye mikono amekimbilia mitungi. Sayansi imekwenda na Jumanne yake, na wiki ijayo mama anaanza akiwa na deni. Kwa kibanio, deni halipo. Shangazi akishaondoka wanaanzia pale pale walipoachia.

> "Orodha ikinifanya nimfokee mtoto mara mbili kwa siku, orodha ndiyo ina makosa. Naibadilisha."

Alama bila kazi

Zipo familia ambazo hazitungi orodha zao wenyewe, hununua zilizotungwa. Mfumo unaojulikana sana miongoni mwa Wakristo ni Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Vijitabu vyake huitwa PACE. Somo moja lina vijitabu 12 kwa mwaka. Kila siku mtoto hujiandikia kwenye kadi ni kurasa ngapi atamaliza, hukata anapomaliza, na hujisahihisha mwenyewe. Akikwama, husimamisha kijibendera juu ya meza yake ili msimamizi aje. Kuvuka kwenda kijitabu kinachofuata, kwa kawaida anatakiwa apate asilimia 80.

Uzuri wake ni kwamba penseli iko mkononi mwa mtoto. Mzazi asiyejua kufundisha ana mahali pa kushika. Ubaya wake, wakosoaji wanasema, ni kwamba elimu inageuka kuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na baadhi ya yaliyomo yamezua mjadala. Toleo moja la zamani la kitabu chao cha sayansi lilimtaja mnyama wa ziwa Loch Ness wa kule Scotland kana kwamba yupo.

Hata orodha ya kutunga nyumbani ina mtego huohuo. Mvulana wa miaka tisa alikata "soma kurasa 10" kwa siku tano mfululizo. Siku ya sita mama alifungua kitabu na kukuta kialamisho kiko ukurasa wa tatu. Hakumchapa. Alikaa akatafakari kwamba mtoto alikuwa amejifunza kitu kimoja kwa ufasaha: kwamba kinachotakiwa katika nyumba hii ni mstari.

Tangu hapo lugha ya orodha ilibadilika. Badala ya "soma kurasa 10" huandikwa "mwambie Mama fisi alifanya nini mwishowe". Badala ya "sayansi" huandikwa "pima mmea wa maharagwe, andika sentimita". Badala ya "Kiswahili", "mwandikie nyanya barua, mistari minane". Kila kipengele lazima kiache kitu nyuma yake: sauti, namba, karatasi. Jambo lisiloweza kuonyeshwa haliandikwi. Kucheza, kwa mfano, kuliondolewa kwenye orodha kabisa, isipokuwa ya kitinda mimba anayependa kuutia mpira wake alama.

Daftari la jioni

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani habari hii ni ya friji. Kitu kikubwa zaidi kiko mezani, chini ya kitambaa, na hufunguliwa saa kumi na moja jioni.

Ni daftari la sita sasa. Ndani yake hakuna hata jambo moja la kufanya. Kuna yaliyofanyika tu: tarehe, mtoto, somo, jina la kitabu na ukurasa, na mstari mmoja wa maelezo. "Sehemu: anachanganya chini na juu." "Amesoma barua ya nyanya kwa sauti bila kukwama." "Hakuna shule, homa." Binti mkubwa hujiandikia mwenyewe, wadogo huandikiwa.

Baba yao ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Malaba. Usiku hutumiwa picha ya ukurasa huo kwa simu, na popote alipoegesha, Mtito Andei au Salgaa, hupiga.

"Nasikia leo mmepima mabati," atasema. "Haya, niambie paa letu ni mita ngapi za mraba."

Mtoto aliyefanya kazi hujibu. Aliyekata tu mstari hukohoa.

Mama anasema daftari hili ndilo lililomzuia kukata tamaa. Orodha ya asubuhi kila siku inamwonyesha alichoshindwa. Ya jioni inamwonyesha kwamba Jumatatu ile aliyoiona imeharibika kabisa, mtoto alisoma shairi, akapika chai ya watu watano na kujua kugawanya 84 kwa 7. Mimi nakubaliana naye, na ninaona wazazi wengi, wa nyumbani na wa shule, wanaishikilia ile ya asubuhi na kuidharau hii.

Lakini daftari lina kazi nyingine ambayo haizungumzwi kwa sauti. Ni ushahidi.

Sheria inasema shule

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria mara kwa mara shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Neno "nyumbani" halimo.

Mwaka 2019 mzazi mmoja magharibi mwa Kenya alikamatwa kwa kutowapeleka wanawe shuleni, akisema anawafundisha mwenyewe. Suala hilo likapelekwa Mahakama Kuu jijini Nairobi, wazazi wakidai kuwa elimu ya lazima si lazima iwe shule ya lazima. Sheria imebaki ilivyokuwa. Familia zinazofundisha nyumbani nazo zimeendelea, kimyakimya, kila moja ikitumaini kwamba afisa akibisha hodi atakubali kuketi na kupekua daftari.

Tusiharakishe kuicheka sheria hii. Haikuandikwa kwa ajili ya mama wa Kitengela. Iliandikwa kwa ajili ya msichana wa miaka 11 aliyepelekwa mjini kulea mtoto wa tajiri, mvulana aliyeachwa na mifugo, na binti anayekaribia kuozwa huku jamaa wakisema "anasomea nyumbani". Mwalimu anayeita majina kila asubuhi mara nyingi ndiye mtu wa kwanza nje ya ukoo kugundua kwamba mtoto hayupo. Ukifungua mlango kwa mzazi mwadilifu, utamzuiaje yule mwingine asipite hapo hapo?

Nchi nyingine zimejibu swali hili kila moja kivyake. Ujerumani imekataa kabisa, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika msimamo huo. Uingereza, sheria ya elimu ya 1996 inasema mtoto apate elimu inayomfaa kwa kuhudhuria shule au vinginevyo, na katika hilo neno moja, "vinginevyo", maelfu ya familia zinaishi. Afrika Kusini inataka mzazi amsajili mtoto kwa mkuu wa elimu wa mkoa, na sheria iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa Septemba 2024 imekaza masharti.

Marekani kila jimbo lina lake. Texas haimtaki mzazi hata atoe taarifa. Pennsylvania inataka siku 180 kwa mwaka, au saa 900 kwa shule ya msingi na 990 kwa sekondari, na inamtaka mzazi atunze kumbukumbu inayoandikwa kadiri masomo yanavyoendelea, ikitaja vitabu kwa majina yake, ili mkaguzi aliyehitimu aipitie mwisho wa mwaka.

Niliposoma masharti hayo ya Pennsylvania nilimpigia simu mama wa Kitengela. Akacheka. Daftari lake, alilolianzisha ili asichanganyikiwe, lingepita huko.

> Kinachoandikwa jioni kwa ajili ya kumbukumbu nyumbani hapa, kwingine ni matakwa ya sheria.

"Hajavumbua kitu, mwanangu"

Nilimpelekea picha za kurasa chache mwalimu mstaafu aliyefundisha shule za umma Machakos kwa zaidi ya miaka 30. Alivaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, unaonaje?"

"Hajavumbua kitu, mwanangu," alisema. "Hiyo ya friji ni mpango wa somo. Hiyo kadi yenye kibanio ni azimio la kazi. Na hilo daftari la jioni ni rekodi ya kazi. Sisi tulifundishwa chuoni."

Hakusema kwa kejeli. Alifurahi, nadhani, kuona vyombo vya kazi yake mikononi mwa mhasibu. Kisha akaongeza jambo ambalo wakereketwa wa elimu ya nyumbani wangefaa kulisikia kutoka kwa mtu aliyekaa na chaki: rekodi ya kazi inaweza kuandikwa vizuri na kazi yenyewe isiwepo. Alizijua shule ambazo rekodi zilijazwa Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu ile ile. Tangu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilete tathmini ya TPAD mwaka 2016, walimu wengi wamelalamika kwamba muda wa kuandaa ushahidi wa kufundisha unakula muda wa kufundisha.

Pingamizi lake kubwa, hata hivyo, halikuwa la karatasi. Darasani, alisema, mtoto hukaa kando ya mtoto ambaye hakumchagua. Atagombana naye, atamwazima kifutio na kukikosa, atajifunza kutoka kwake neno la lugha nyingine. Orodha ya mama haina kipengele hicho. Nilimweleza kwamba watoto wa Kitengela huimba kwaya na kucheza mpira mtaani Jumamosi. Alitikisa kichwa. Hao, kwa maoni yake, ni watoto waliochujwa. Wazazi wao wanajuana.

Nilipomrudishia mama maneno hayo, hakubisha. Aliniambia ndilo jambo linalomnyima usingizi, kuliko chifu.

Mtihani haungoji

Na kuna la tatu linalomnyima usingizi: mwisho wa safari.

Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika 2019, matokeo ya mtoto wa Gredi ya 6 hayatokani na mtihani mmoja. Tathmini za shuleni tangu Gredi ya 4 hubeba asilimia 60, na mtihani wa KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza 2022, hubeba 40. Tathmini hizo hupakiwa na shule kwa Baraza la Mitihani (KNEC). Mtoto asiye na shule hana wa kumpakia. Rika la binti huyu kanisani wamezungumzia KPSEA mwaka mzima. Yeye amekaa kando.

Zaidi ya hapo, mwaka 2017 serikali ilianza kusajili wanafunzi katika mfumo wa NEMIS, ambako kila mmoja hupata namba yake. Hiyo nayo ni orodha, kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa, na huingizwa na shule.

Njia ambayo familia nyingi za namna hii hufuata ni mitihani ya kimataifa ya IGCSE ya Cambridge, ambayo mtoto anaweza kuifanya kama mtahiniwa binafsi katika kituo kinachokubali. Hufanyika Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Si ya bei nafuu. Na hapa ndipo mzazi asiye na orodha huumia, kwa sababu makataa ya kujisajili hupita miezi kadhaa kabla ya mtihani na hakuna mwalimu mkuu wa kukukumbusha.

Mama ameshaandika, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, yale ambayo binti atahitaji miaka minne ijayo: cheti cha kuzaliwa, pasipoti au kitambulisho kinachokubalika, kituo chenye nafasi, masomo yasiyodai kazi-mradi inayosimamiwa na shule. Kwa sayansi, amegundua kwamba baadhi ya masomo yana karatasi mbadala ya maabara, ambamo mtahiniwa hujibu maswali kuhusu majaribio bila kuyafanya. Ameipigia mstari mara mbili. Pembeni ameandika pia, "atafute maabara hata hivyo. Kemia ya kuhadithiwa haitoshi."

> Orodha ya asubuhi ina mambo matatu. Ya miaka minne ijayo inajaza ukurasa, na mengi yake hayako mikononi mwa mama.

Kwa anayetaka kwenda njia ya nyumbani, au anayetaka tu likizo isiyomtoa wazimu, nilichokiona ni chepesi kueleza. Andika machache asubuhi, yawe ya kuonekana kwa macho, na mpe mtoto penseli. Jioni andika yaliyotokea, na uandike ukweli, hata siku ya homa. Gharama ni daftari moja na dakika kumi.

Kwa Wizara ya Elimu ombi ni moja. Watoto hawa wapo, na kuwakana hakuwarudishi shuleni. Rejista fupi katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ziara moja kwa muhula, na afisa anayeketi na mtoto na daftari lake mezani, ingemtofautisha binti anayesoma na binti anayefichwa. Sasa hivi wote wawili wako gizani, na anayefaidika na giza hilo si yule anayesoma.

Saa kumi na moja na robo jioni, kabla sijaaga, daftari lilifunguliwa. Hesabu: sehemu, ukurasa wa 58. Historia: Mekatilili wa Menza, amesimuliwa. Maharagwe: sentimita 14. Msichana akafikiri kidogo, kisha akaongeza mstari mmoja chini: "Mgeni wa gazeti. Maswali mengi. Nilijibu kwa Kiswahili sanifu."

Daftari hilo limebakisha kurasa 11. Katika NEMIS, msichana huyo hayumo.